Asili ya Chembe: Mchanga wa Doha na Swali la Kutoka Wapi

Makumbusho ya Taifa ya Qatar, yaliyofunguliwa Doha mwezi Machi 2019, yana umbo la waridi la jangwani. Msanifu wake, Mfaransa Jean Nouvel, aliiga fuwele za jasi zinazojiumba chini ya ardhi ya chumvi karibu na pwani: maji hupanda, jua huyakausha, na jasi inayobaki hujipanga tabaka juu ya tabaka mithili ya petali. Hilo ni jiwe la hapa hapa. Lakini ukilivunja na kulitazama kwa lenzi, utakuta ndani yake chembe za mchanga zilizonaswa wakati fuwele ilipokuwa ikikua. Waridi ni mzalia. Mchanga ni mgeni.

Umetoka wapi? Swali hili, ambalo kila mhamiaji wa Doha ameulizwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, wanajiolojia wamekuwa wakiiuliza chembe ya mchanga kwa zaidi ya miaka mia moja, na wamejifunza kuliuliza kwa uangalifu. Makala haya yanafuata majibu waliyoyapata katika mchanga wa Ghuba. Majibu hayo yana funzo kwa sisi tunaoandika historia ya watu waliovuka bahari hiyo hiyo: asili ni jambo moja, njia ni jambo jingine, na ushahidi wa mambo hayo mawili haukai mahali pamoja.

Tuanze na mwamba. Rasi ya Qatar ni ulimi wa mawe ya chokaa uliojitokeza baharini, nchi tambarare ambayo kilele chake cha juu kabisa hakifikii mita 110. Chokaa hiyo iliumbwa chini ya bahari ya kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, kutokana na mabaki ya viumbe vya majini. Sehemu kubwa ya nchi ni changarawe na mwamba mtupu. Vilima vya mchanga vimekusanyika kusini-mashariki, kuanzia Mesaieed, kiasi cha kilomita 40 kutoka Doha, hadi Khor al-Adaid kwenye mpaka wa Saudia, mahali ambapo mkono wa bahari umeingia jangwani. Vingi vina umbo la hilali, pembe zake mbili zikielekea upepo unakokwenda.

Chukua ukufi mmoja wa mchanga huo uudondoshee siki. Utaona mapovu membamba yakipanda: hizo ni chembe za chokaa na maganda ya kome zikiyeyuka. Mapovu yakiisha, chembe nyingi zitakuwa zimebaki vilevile, ngumu, zinazopitisha mwanga kama kioo. Hizo ni kwatzi. Hapo ndipo swali linapoanza, kwa sababu ukiisaga chokaa ya Qatar miaka elfu na elfu hutaipata kwatzi kwa wingi huo. Kusini mwa rasi kuna kokoto zilizoletwa na mito ya kale kutoka magharibi ya Bara Arabu, ushahidi kwamba maji yaliwahi kubeba mawe ya mbali hadi hapa. Ila kokoto hizo peke yake hazielezi vilima vyote, wala hazielezi ule mchanganyiko wa chembe ngumu na laini ndani ya ukufi mmoja.

Sanaa ya kuisoma chembe ina historia yake. Mwingereza Henry Clifton Sorby, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuchunguza miamba kwa hadubini, alitoa mwaka 1880 hotuba mbele ya Chama cha Jiolojia cha London akieleza jinsi umbo la chembe ya kwatzi na vitu vidogo vilivyofungwa ndani yake vinavyoweza kudokeza aina ya mwamba ulioizaa. Waliomfuata waligundua kwamba kwatzi ni shahidi mchoyo wa maneno, kwa kuwa iko kila mahali. Wakageukia madini mazito yaliyo adimu ndani ya mchanga: ganeti, epidoti, rutili, tomalini, zirkoni. Njia ya kuyapata ni rahisi kuieleza. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji. Ukimimina mchanga katika kimiminika chenye uzito wa karibu mara 2.9, kama bromofomu, kwatzi na chokaa huelea, na madini mazito huzama. Katika mashapo hayo, ambayo huenda yakawa sehemu moja tu ya mia ya mchanga wote, ndimo uliko ushuhuda wa mwamba wa mama.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili njia hiyo ilitumika kwa jambo la kufa na kupona. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 Japani ilirusha maputo zaidi ya 9,000 yaliyobeba mabomu, yapeperushwe na upepo wa juu hadi Amerika Kaskazini. Maputo hayo yalisawazishwa kwa mifuko ya mchanga. Mifuko kadhaa iliokotwa, na wanajiolojia wa Marekani wakaichunguza. Hawakukuta hata kipande cha matumbawe, hivyo wakaziondoa fukwe za kusini zenye maji ya joto. Wakakuta mchanganyiko maalumu wa madini pamoja na maganda madogo ya viumbe vya baharini, na kwa kulinganisha na ramani za kijiolojia wakaelekeza kidole kwenye fukwe za mashariki ya kisiwa cha Honshu. Tuzingatie jambo moja katika kisa hiki: kilichosaidia ni mchanganyiko mzima, pamoja na kile kilichokosekana. Hakuna chembe moja iliyotoa jibu peke yake.

Karne ya ishirini ilileta shahidi mwingine, ambaye wengi walidhani atamaliza kesi zote. Zirkoni ni fuwele ndogo ngumu inayozaliwa mwamba wa moto unapopoa. Wakati wa kuzaliwa huipokea urani na kuikataa risasi. Urani hugeuka kuwa risasi polepole kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya aina iliyo nyingi zaidi huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Kwa hiyo ukipima urani iliyosalia na risasi iliyozaliwa ndani ya fuwele, umepata umri wake. Zirkoni hutoka mlimani, ikaviringishwa na mto, ikazikwa, ikafukuliwa, ikapeperushwa, na umri ule ikaendelea kuubeba.

Mmoja wa waasisi wa saa hii ya urani na risasi alipita kwetu. Arthur Holmes alikuwa na miaka 21 alipochapisha, mwaka 1911, kipimo cha umri wa mwamba wa Norwei kwa njia hiyo. Mwaka huo huo, akiwa mwanafunzi mwenye madeni, alikubali kazi ya kutafuta madini Msumbiji. Hakupata utajiri. Alipata malaria kali kiasi kwamba habari za kifo chake zilitangulia kufika Uingereza kabla yake. Lakini miamba ya Msumbiji haikumtoka akilini, na mwaka 1951 alitumia jina la Ukanda wa Msumbiji kuutaja uti wa milima ya kale unaopanda kutoka huko, kupitia mashariki ya Tanzania na Kenya, kuelekea kaskazini. Milima ya Usambara na Uluguru, vilima vya Taita, na tanzanaiti ya Mererani ni sehemu ya ukanda huo. Wanajiolojia waliofuata wameonyesha kwamba ukanda hauishii Afrika: sehemu yake ya kaskazini ni ile miamba mikongwe iliyoko pande zote mbili za Bahari ya Shamu, ambayo ilikuwa kitu kimoja kabla bahari hiyo haijaanza kuipasua miaka takriban milioni 30 iliyopita. Miamba ya magharibi ya Saudia na ile ya Taita ilijengwa katika zama zile zile za mgongano wa mabara, zaidi ya nusu bilioni ya miaka iliyopita.

Mwaka 2013 Eduardo Garzanti wa Chuo Kikuu cha Milano-Bicocca, pamoja na Pieter Vermeesch wa London na wenzao, walichapisha uchunguzi mpana wa mchanga wa majangwa ya Arabuni. Walikusanya mchanga wa mito na mabonde kuanzia Bahari ya Shamu hadi milima ya Zagros, wakahesabu chembe moja moja chini ya hadubini, na wakapima umri wa zirkoni kutoka sampuli 12 za vilima vya mchanga na sampuli mbili za mawe-mchanga ya kale. Majibu ya zirkoni yalikuwa na jambo la ajabu: sampuli zote 14 zilitoa mpangilio mmoja wa umri. Kilele kikubwa kiliangukia zama zile za ujenzi wa milima nilizozitaja. Msomaji Mswahili akifika hapo ana haki ya kutabasamu. Chembe inayopeperuka Arabuni ni ndugu wa marika na jiwe la Taita.

Ndugu, naam, lakini hapo ndipo mtego ulipo. Sampuli zote zikijibu kwa sauti moja, jibu hilo haliwezi kutofautisha jangwa na jangwa. Zirkoni ni ngumu mno. Ilitoka katika milima ile, ikatandazwa na mito kuwa tabaka nene za mchanga takriban miaka nusu bilioni iliyopita, mchanga huo ukawa jiwe (mawe ya umri huo ndiyo waliyoyachonga watu wa Petra, huko Jordan), kisha jiwe likamomonyoka likawa mchanga tena, na tena. Kila mzunguko uliua chembe dhaifu na kuiacha zirkoni. Inakumbuka kuzaliwa kwake kikamilifu. Safari yote iliyofuata haikuacha alama katika umri wake. Waandishi wa uchunguzi huo walisema wazi kwamba, kwa sababu ya marejeo hayo, umri wa zirkoni ni kielekezi dhaifu kuliko hesabu ya kawaida ya chembe na madini mazito.

Waliofumbua fumbo la pwani ya Ghuba walikuwa mashahidi wanyonge. Mchanga wa jangwa kuu la ndani, Rub al-Khali, ni kwatzi karibu tupu. Lakini katika ukanda wa pwani, kutoka jangwa la Jafurah la mashariki ya Saudia hadi Falme za Kiarabu, Qatar ikiwa katikati, mchanga una vipande vingi vya chokaa na vya miamba mingine, na madini mazito ya aina nyingi zaidi, yakiwemo yale yanayooza upesi. Chembe laini namna hiyo haziwezi kustahimili mizunguko mingi. Kuwapo kwake kunaonyesha kwamba zimekuja karibuni na kwa njia fupi. Zilipolinganishwa na mchanga wa mito, zilifanana na mizigo ya Frati na Hidekeli na ya mito inayoteremka kutoka Zagros, upande wa pili wa maji.

Zilivukaje maji? Hayakuwapo. Katika kilele cha zama za mwisho za barafu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bahari za dunia zilikuwa zimeshuka kwa takriban mita 120. Kina cha wastani cha Ghuba ni kama mita 35 tu. Mahali panapopita leo meli za gesi palikuwa bonde kavu, na mto uliozaliwa na Frati na Hidekeli uliliteremka hadi karibu na Hormuz. Mashapo yake yalilala wazi. Upepo wa shamali, unaovuma kutoka kaskazini-magharibi, uliyachukua chembe kwa chembe na kuyasukuma kusini, juu ya chokaa ya Qatar na mbele yake. Kwatzi na zirkoni za ndani ya Arabuni ziliingia katika mkondo huo huo na kuchanganyika. Kwa hiyo ukufi wetu wa mwanzo una asili mbili au tatu ndani yake, na zote zilikutana katika nchi ambayo sasa iko chini ya bahari.

Kisha bahari ilirudi. Ilianza kuingia Hormuz kiasi cha miaka 14,000 iliyopita, na ilipofika miaka 6,000 iliyopita ufuo ulikuwa karibu na mahali ulipo leo. Tangu hapo shamali huvuma juu ya maji kabla ya kuifikia Qatar na haileti mchanga wa kutosha kujaza pengo. Lakini vilima vilivyokwisha kuvuka vinaendelea kusukumwa kusini-mashariki, na mwisho wa njia yao ni bahari. Ndiyo sababu kaskazini mwa nchi ni kutupu. Huko Khor al-Adaid mtu anaweza kusimama na kuuona mchanga ukiteleza majini. Jangwa hili ambalo mgeni hulidhani halina mwisho ni akiba iliyofungiwa mlango wa kuingilia miaka elfu kadhaa iliyopita, na mlango wa kutokea uko wazi. Wajenzi wa Doha wanalijua hilo kwa upande wao: mchanga wa upepo ni laini na wa mviringo mno kwa zege nzuri, na mawe magumu ya kujengea, gabro, huagizwa kwa meli kutoka milima ya Falme za Kiarabu na Oman. Nchi ya mchanga hununua mawe.

Nimesema kwamba kuna funzo kwa wanahistoria. Funzo hilo liko umbali wa kutembea tu kutoka Makumbusho ya Taifa, katika mtaa wa Msheireb, kwenye Nyumba ya Bin Jelmood. Tangu mwaka 2015 nyumba hiyo imekuwa makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi, na inasimulia bila kuficha kwamba utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952 tu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, lulu na tende za Ghuba zilipopata soko kubwa ng'ambo, watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliopiga mbizi na kuvuta kamba za wapiga mbizi bila hiari yao. Wengine walitoroka wakafika kwa mawakala wa Uingereza huko Bahrain, Sharjah au Muscat kuomba hati ya uhuru, na maelezo yao yaliandikwa. Maktaba ya Kidijiti ya Qatar, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza, imeweka kumbukumbu nyingi za mawakala hao mtandaoni.

Katika maelezo ya namna hiyo swali la kwanza huwa lile lile: umezaliwa wapi? Mtu aliyetekwa mtoto hujibu kwa jina la mahali analolikumbuka, na mara nyingi hilo ni jina la bandari. Anayesema Zanzibar huenda alizaliwa Zanzibar. Huenda pia alipitia Zanzibar akiwa na miaka sita, baada ya miezi ya kutembea kutoka Nyasa au Manyema. Babu zetu wa pwani walilijua tofauti hilo vizuri mno, kwani walimwita mtumwa aliyezaliwa pwani mzalia, na aliyeletwa karibuni kutoka bara wakamwita mjinga. Mjinga wa Pangani akivushwa bahari aligeuka Mzanzibari wa Ghuba. Jina la bandari limefuta njia, kama vile jina la jangwa linavyofuta mto.

Siku hizi wako wanaodhani kwamba jeni zitamaliza kesi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulibainisha makundi matatu makubwa ya nasaba miongoni mwa Waqatari, moja likiwa na mchango mkubwa wa Afrika. Sina ubishi na matokeo hayo. Ila jeni ni zirkoni yetu: zinadumu, hazisemi uongo, na zinasimulia kuzaliwa kwa mababu bila kutaja soko, jahazi, wala jina alilopewa mtoto alipobadilishwa mwenyeji. Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mbele ya maelezo yale methali hiyo inakwama, kwa sababu aliyesimama mbele ya karani hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa, na alichobaki nacho ni vipande vya njia.

Vipande hivyo ndivyo chokaa na madini laini ya historia. Ni boriti za mikoko, ambazo Waarabu wa Ghuba huziita danshal, zilizovushwa kutoka pwani yetu na kuezekea nyumba za kale za Doha, zikaamua hata upana wa vyumba vyake kama zilivyoamua upana wa vyumba vya Lamu. Ni ngoma ya leiwa, inayochezwa hadi leo katika nchi za Ghuba, ambayo nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengi hawajui tena maana yake. Ni neno moja la kumbembelezea mtoto katika kinywa cha bibi ambaye hakumbuki amelitoa wapi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake kuthibitisha lolote, kama ambavyo chembe moja ya ganeti haikutosha kuutaja ufukwe wa Honshu. Vikihesabiwa pamoja, na kile kilichokosekana kikihesabiwa pia, vinaonyesha njia.

Tatizo ni kwamba ushahidi wa namna hii ndio unaotangulia kupotea. Boriti huliwa na mchwa au hutupwa nyumba inapobomolewa, nyimbo hubadilishwa maneno ziweze kueleweka, bibi huzikwa. Jeni zitakuwapo baada ya miaka mia tano na mtu yeyote ataweza kuzisoma. Sisi wenye Kiswahili, hasa tunaoishi upande huu wa maji, ndio tunaoweza kusikiliza wimbo wa leiwa leo na kutambua kwamba silabi zinazodhaniwa ni kiitikio kitupu zilikuwa jina la mji, au la mto, au la mtu. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari, subira, na kuomba ruhusa kwa heshima.

Jioni, huko Khor al-Adaid, shamali ikitulia, mteremko wa mwisho wa kilima huendelea kumwaga mchanga kidogo kidogo hadi kwenye ukingo wa maji. Chembe za kwatzi zitakaa chini ya bahari hiyo na siku moja zitakuwa jiwe. Zile za chokaa, zilizotuonyesha njia, nyingi hazitafika mbali hivyo.